Shingo Yako, Mdogo Wangu, Ina Methali Mbili

Njoo, mdogo wangu, kaa hapa kwenye kiti chenye egemeo. Mkeka tuuache kwa leo. Wala usianze kujieleza. Mtu aliyelala usiku haingii mlangoni akiwa amelishika bega lake kama anayembembeleza kichanga. Na hiyo bahasha kubwa uliyoibana kwapani naijua, ni picha za MRI. Umeipekua karatasi ya majibu, ukasoma kwamba diski ya shingo imechomoza na inabana mshipa wa fahamu, ukaingia kwenye simu saa nane za usiku kutafuta maana, na kulipopambazuka ulikuwa umeshajiona kwenye kiti cha magurudumu. Shangazi anasema usithubutu kisu, kuna mtu alipasuliwa hakuinuka tena. Shemeji anasema ukichelewa ndiyo umekwisha. Wote wanakupenda, na wote wamekutia homa.

Basi nisikilize mimi dada yako. Wazee wetu walituachia methali mbili ambazo watoto huona zinagombana: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Ugonjwa huu wa shingo unazitaka zote mbili, na mtu huumia anaposhika methali ya mwenzake. Kazi yetu leo ni kuijua yako ni ipi.

Mimi yangu ilianza na mchele. Ilikuwa Jumamosi, tunangoja wageni, nachambua mchele kwenye ungo, nikaona kila kijiwe ninachokigusa kinanikimbia. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa na ganzi, kama vimevalishwa glavu. Siku ya tatu yakaja maumivu yenyewe: yanaanzia shingoni, yanapita nyuma ya bega, yanashuka mkononi kama umeme. Usiku ndio ulikuwa mgumu kuliko mchana. Nikagundua, bila kufundishwa na mtu, kwamba nikiuweka mkono juu ya kichwa yanapoa kidogo. Basi nikawa nakaa hivyo kitandani, hivyo jikoni, hivyo ndani ya daladala. Mama aliponikuta siku moja alipiga kelele: "Shusha mkono! Unamlilia nani humu ndani?" Unajua kwetu mkono wa kichwani ni wa msiba. Nikaushusha kwa heshima, na hapohapo machozi yakanitoka kwa maumivu. Mama akanyamaza, akaja mwenyewe akaurudisha mkono wangu kichwani, akanishikia. Baadaye daktari aliponiona nimekaa vile, aliniambia mkao ule wenyewe ni dalili anayoitafuta: ukiinua mkono, mshipa uliobanwa unalegea, unapumua.

Sasa sikia kilichomo humo shingoni, maana kitu usichokijua ndicho kinachokunyima usingizi. Shingo ina pingili 7. Kati ya pingili na pingili, ukiacha zile mbili za juu kabisa, kuna diski, kijimto chenye ukuta mgumu pembeni na uteute mzito katikati. Miaka ikienda kijimto hukauka na kupata nyufa, na siku moja uteute hupenya kwenye ufa kama nyama ya embe dodo lililoiva ukilibinya. Bahati mbaya, hapo unapotokea ndipo inapopita mizizi ya mishipa ya fahamu inayokwenda mkononi. Uteute unaukandamiza mshipa, tena unauwasha mpaka unavimba, ndiyo maana kitu kidogo hivyo kinamliza mtu mzima. Mara nyingi huwa ni kati ya pingili ya 5 na ya 6, au ya 6 na ya 7. Daktari akikuuliza ganzi iko kidole gani hakupotezei muda. Gumba na shahada humpeleka kwenye mshipa wa 6, kidole cha kati kwenye wa 7, kidole cha mwisho kwenye wa 8. Anausoma mkono wako kabla hajaifungua bahasha yako.

Na hili la mkono ulishike sana. Ukiwakusanya watu wazima waliovuka miaka 50, wasioumwa shingo hata kidogo, ukawapitisha kwenye MRI, wengi wao utakuta diski zimekauka au zimechomoza. Wanakula, wanalala, wanacheza ngoma kwenye harusi. Kwa hiyo karatasi ile haikupi hukumu. Picha lazima ikubaliane na mkono. Picha ikisema kulia na ganzi iko kushoto, picha hiyo haina la kukwambia kwa leo.

Tuanze na methali ya kwanza, kwa sababu ndiyo ya wengi. Kama ulichonacho ni maumivu na ganzi ya mkono mmoja, na nguvu zako zipo, miguu yako iko imara, basi haraka haraka haina baraka. Watu wengi wa namna yako hupata nafuu bila kupasuliwa, ndani ya wiki kadhaa hadi miezi michache. Mwili una wafagiaji wake. Ule uteute uliomwagika huanza kuliwa kidogo kidogo mpaka unanywea, na mshipa unapoa. Ndiyo sababu madaktari, kama hakuna alama ya hatari, hukupa kama wiki 6 hadi 12 za matibabu ya kawaida kabla ya kuzungumzia kisu. Hawakudharau. Wanaupa mwili nafasi yake.

Lakini kungoja huko si kulala ukitazama dari. Tembea kila siku, hata kama ni kuzunguka nyumba. Mkao unaokuchochea uache, mkao unaokupoza ukae nao. Kola ya shingo ukipewa, vaa kwa muda mfupi wa mwanzo kama ulivyoelekezwa; ukiivaa miezi, misuli ya shingo inakuwa mivivu na utaumia upya. Lala chali au kwa ubavu, mto ujaze nafasi iliyopo kati ya bega na sikio, usiwe mlima. Kulala kifudifudi kuache. Simu inyanyue ije machoni. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kama kilo 5, na ukikiinamisha saa nzima shingo ndiyo inayolipa. Na ile ndoo, mpenzi wangu. Ndoo ya lita 20 kichwani ni kilo 20 juu ya kijimto kilichopasuka. Najua maji hayaji bombani. Omba msaada, gawa kwenye madumu madogo, tafuta mkokoteni. Majirani watasema unadeka; waache waseme.

Dawa za maumivu nazo zina adabu yake. Diklofenaki na ibuprofeni zinasaidia, ila ukizimeza kila siku bila kula na bila daktari kujua, utakuja kunilalamikia vidonda vya tumbo, au figo. Zipo dawa nyingine za mishipa ya fahamu, kama amitriptilini na gabapentini. Hizo huanzwa kidogo kidogo na zinaleta usingizi, usimeze za jirani. Na fiziotherapia usiikimbie baada ya siku mbili ukisema "wananinyoosha tu mikono." Bandu bandu huisha gogo. Mazoezi yale madogo ya kurudisha kidevu nyuma na kuimarisha misuli ya bega ndiyo yatakayokulinda hata baada ya maumivu kwisha.

Hapa nakukaripia kabisa. Usimpe mtu shingo yako akaivunje! Yule kinyozi anayekukanda mabega, halafu anakushika kidevu na kisogo na kukuzungusha ghafla mpaka shingo ilie "ka!", mwambie asante, mimi basi. Nami nilipelekwa kwa fundi wa kunyoosha viungo, mtu mwenye sifa mtaa mzima. Alinizungusha mara moja, na jioni yake nilishindwa kuinua birika la chai. Diski iliyochomoza ukiizungusha kwa nguvu inaweza kuchomoza zaidi, tena ipo mishipa mikubwa ya damu inayopanda kwenye ubongo humo shingoni, ambayo ikichanika inaweza kuleta kiharusi. Haitokei kwa kila mtu, lakini shingo ni moja. Kukandwa taratibu kwa mafuta ya vuguvugu juu ya bega sikukatazi. Kuvunjwa nakukataza.

Kuna maumivu mengine ambayo MRI haiyaonyeshi, na najua ndiyo yaliyokuleta. Ugonjwa huu hauna kidonda. Huna bandeji, huna homa, mkono wako unaonekana mzima. Mume anaona vyombo havijaoshwa, mama mkwe anaona umelala saa nne za asubuhi, bosi anaona umeomba ruhusa tena. Unaanza kujiona mzigo. Unawafokea watoto kwa kelele ambazo zamani ulizicheka. Kitandani mwenzako akikugusa unaruka, naye anadhani humtaki. Mdogo wangu, hayo ni ya kila mwenye ugonjwa huu, usijione umeharibika tabia. Sema. Mwambie mumeo waziwazi: "Naumwa hapa, inashuka hapa, usiku huwa hivi." Mpeleke kliniki asikie kwa masikio yake. Na kama huzuni imekuwa nzito hadi chakula hakipiti na unatamani usiamke, hilo nalo mwambie daktari, maana maumivu ya muda mrefu hula moyo na moyo ukiliwa maumivu huongezeka.

Sasa methali ya pili, na hapa nataka uniangalie usoni. Nina shoga yangu, fundi cherehani, miaka zaidi ya 20 ameinamia mashine. Yeye hakuumwa sana, na hapo ndipo alipodanganyika. Kwanza alishindwa kutunga uzi kwenye sindano. Akasema ni macho, akanunua miwani. Halafu vifungo vya mashati ya wateja vikawa vinamchukua muda. Halafu kandambili ikawa inamvuka mguuni na yeye anaendelea kutembea hajui. Akiinama, umeme unampiga mgongo mzima mpaka miguuni. Watu wakasema sukari. Wengine wakasema amerogwa na fundi mwenzake, zikatumika fedha huko. Alipofika kwa daktari bingwa ilikuwa miezi 8 imepita. Diski yake ilikuwa haibani mshipa wa mkono. Ilikuwa inaubana ugwe wenyewe, ile kamba kuu ya fahamu inayoteremka kutoka kwenye ubongo. Akapasuliwa. Leo anatembea kwa fimbo, anashona mashuka ya moja kwa moja, lakini vifungo hashoni tena. Daktari alimwambia ukweli kabla ya upasuaji: ugwe ukibanwa, upasuaji hufanywa zaidi kuzuia usiendelee kuharibika, na kilichokwisha kuharibika huenda kisirudi chote. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wake ameujenga kwa vidole.

Kwa hiyo ukiona mikono imekuwa mizito kwa kazi ndogo, miguu inayumba, umeme unapita mgongoni ukiinamisha kichwa, nguvu za mkono zinapungua wiki hadi wiki, haja ndogo au kubwa imekataa au inatoka yenyewe, ngoja ngoja itakuumiza zaidi ya matumbo. Usisubiri tarehe ya kliniki. Vilevile kama shingo imeanza kuuma baada ya kuanguka na bodaboda, au una homa, au unakonda bila sababu, au uliwahi kuugua saratani. Na maumivu ya mkono wa kushoto yakija na kifua kubana na jasho jembamba, usiifikirie shingo kabisa; huo waweza kuwa moyo, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Tuseme sasa umefika kwenye meza ya daktari wa upasuaji, ama kwa sababu ugwe umebanwa, ama kwa sababu miezi imepita, umefanya yote kwa uaminifu na mkono bado unakunyima maisha. Usiingie na hofu ya kisu kama vile kisu ni kimoja. Njia iliyozoeleka zaidi hupitia mbele ya shingo, na imekuwepo tangu miaka ya 1950. Unalazwa kwa nusu kaputi, daktari anapita kando ya koo, anaitoa diski iliyoharibika, anaweka kipande cha mfupa au kijisanduku kidogo mahali pake, mara nyingi na bamba na skrubu, ili pingili mbili ziungane ziwe kitu kimoja. Unaogopa hutageuza kichwa tena? Karibu nusu ya kugeuza kichwa hufanywa na zile pingili mbili za juu kabisa, na hizo haziguswi. Pingili mbili zikiunganishwa, wengi hawaoni tofauti kubwa. Shida yake ni ya mbele ya safari: majirani wa pingili zilizoungana hubeba kazi zaidi, na baada ya miaka baadhi ya watu huumwa hapo jirani.

Njia ya pili ni kuitoa diski na kuweka ya bandia inayocheza, ili shingo ibaki na mwendo wake. Marekani iliidhinisha ya kwanza ya shingo mwaka 2007. Haimfai kila mtu. Mifupa ikiwa laini, au viungo vya nyuma vya pingili vikiwa vimeshasagika sana, daktari atakukatalia, na si kwa roho mbaya. Njia ya tatu hupitia nyuma ya shingo, wakapanua kile kitundu mshipa unapotokea. Haina skrubu wala kuunganisha, ila huwafaa wale ambao uteute umetokea pembeni. Na ugwe ukibanwa sehemu nyingi, wakati mwingine hufungua nafasi kwa nyuma ya pingili kadhaa. Unaona? Swali la "nipasuliwe au nisipasuliwe" lina maswali mengine tumboni mwake.

Na upasuaji uutarajie kwa kiasi. Unasaidia maumivu ya mkono kuliko maumivu ya shingo yenyewe. Kama kinachokusumbua ni shingo kukaza tu, bila mkono, kisu kinaweza kukuacha ulivyo. Huko Uswidi mwaka 1997 walichapisha utafiti wa watu 81 waliokuwa na maumivu ya mkono kwa muda mrefu kutokana na shingo. Wengine walipasuliwa, wengine wakapewa fiziotherapia, wengine kola. Miezi ya mwanzo waliopasuliwa walikuwa mbele kwa nafuu. Baada ya mwaka mmoja wote walikuwa karibu sawa. Hao walikuwa watu wa mshipa wa mkono, si wa ugwe kubanwa, usije ukamsomea habari hii mtu anayeyumba miguu. Lakini kwako inasema jambo: kisu kinaweza kukununulia muda, na muda una thamani kwa mama anayelea na kwa mtu anayekula kwa mikono yake. Ni wewe wa kupima kama nafuu ya haraka inastahili hatari zake.

Hatari zipo, na daktari mwema hazifichi. Kumeza kwa shida ni kwa wengi siku na wiki za mwanzo, utakunywa uji. Sauti inaweza kukwaruza, na mara chache hubaki hivyo. Kuna maambukizi, kuna kuvuja damu, kuna mifupa kukataa kuungana, na kuna kuumia mshipa au ugwe, jambo ambalo ni nadra lakini lazima ulisikie kabla hujasaini. Sigara, shisha na ugoro huzuia mfupa kuunga. Kama unatumia, hapo ndipo pa kuacha. Na baada ya upasuaji maumivu hutangulia kuondoka, nguvu hufuata, ganzi hubaki nyuma kama mgeni asiyeaga. Mshipa wa fahamu huota taratibu mno. Usije ukalia wiki ya tatu kwamba umeibiwa.

Muulize daktari bila haya, kuuliza si ujinga: Mshipa gani umebanwa, na unaendana na ganzi yangu? Nikingoja miezi mitatu nitapoteza nini? Kwa nini njia hii na si ile? Wewe mwenyewe umefanya upasuaji huu mara ngapi? Hapa Tanzania wapo madaktari bingwa wa ubongo na uti wa mgongo MOI pale Muhimbili, wapo KCMC Moshi, wapo Bugando Mwanza. Omba rufaa, na kama roho haijatulia omba bingwa wa pili auangalie mkono wako, si bahasha tu. Kuhusu bima, uliza kwa maandishi kama inalipia na skrubu na diski ya bandia, maana familia nyingi huchangishana, zikafika kaunta zikaambiwa kipandikizi ni cha kwako. Na wakala akikwambia uuze kiwanja wiki hii uende India la sivyo utapooza, muulize ameupima mkono wako lini. Kama hajawahi kuugusa, kiwanja kibaki.

Basi pangusa machozi. Nunua daftari dogo. Kila Jumapili jioni, unapoandaa sare za shule za mwanao, funga vifungo vya shati lake vyote kwa mkono unaouma, uhesabu dakika. Tembea ukumbini ukigusisha kisigino na vidole. Inua birika la maji. Andika kila kazi ilivyokuwa: imekuwa nyepesi, imekuwa vilevile, imekuwa nzito. Kazi hizo zikiwa nyepesi, hata polepole, wewe ni wa haraka haraka haina baraka, vumilia. Zikiwa nzito Jumapili mbili mfululizo, chukua daftari uende kwa daktari Jumatatu, usingoje kunipigia mimi. Daftari hilo litamwambia mambo ambayo bahasha yako haiyajui. Na usiku yakizidi, weka mkono kichwani ulale hivyo. Atakayekuuliza unamlilia nani, mwambie dada amenipa ruhusa.